Kurasa za Nyuma

Mbele ya daftari naandika korosho:
jina la mkulima, magunia, kilo, daraja.
Nyuma, nikiligeuza kichwa chini,
naandika Somoe.

Hakuna aliyeniagiza. Ghala la Chiungutwa
lina mizani moja na foleni ndefu,
na mimi karani wake, mtu wa kalamu,
sikuweza kuvumilia kitu kiingie duniani
bila kupimwa.

Mwezi wa sita: ba-ba-ba-ba.
Mama yake akasema, anakuita.
Nikajivuna siku mbili.
Ya tatu akamwita hivyo jogoo,
akaliita hivyo sufuria,
na mguu wake mwenyewe.

Mwezi wa kumi na tatu: mesi.
Neno la bibi yake, la Kiyao, si langu.
Mimi nilikuwa nikimnywesha maji,
bibi akimnywesha mesi,
kikombe kile kile cha bati.
Akachagua lililokuja na paja la kulalia.

Kisha likaja lililoninyima usingizi:
meanguka.
Bibo limetoka mtini: meanguka.
Kijiko: meanguka.
Mvua juu ya bati: meanguka.
Jua nyuma ya mlima wa mawe: meanguka.
Kitenzi kisicho na mwenyewe,
kama gunia lililoshushwa getini usiku
bila jina la mkulima.
Tulicheka. Hatukumsahihisha;
msimu ulikuwa umepamba moto, nani ana nafasi?

Hata asubuhi moja, uji mdomoni,
mkono ukateleza:
"Kikombe kimeanguka."
Niliweka kalamu chini.
Ki kwa ki. Nani alimwambia
kwamba kikombe kinadai chake,
kwamba bibo litataka li, na mvua i?
Mimi niliyesoma hadi kidato cha nne
siwezi kukueleza kwa nini. Najua tu
nikisikia vingine, sikio linauma.

(Alikosea pia, na kwa haki kabisa.
Viatu vya baba yake ni maviatu, kwa ukubwa wao.
"Kesho nililia." "Kuja hapa!" alimfokea mbuzi,
na ukifikiri vizuri, ni sisi wenye njoo
tuliopinda njia.)

Januari akaja mkaguzi kutoka wilayani,
mtu mwembamba, Bwana Chilumba,
akaligeuza daftari.
"Mesi, moja. Meanguka, ishirini na sita.
Taka, taka, taka.
Karani, huu ni mzigo gani?"
Nikamweleza. Alinyamaza, akafuta miwani.
"Wangu alianza na taa," akasema,
akaugonga mhuri ukurasa ule pia.

Siku hizi bibi akisema mesi,
Somoe humkatiza: "Sema maji!"
Na bibi, mwenye lugha tatu
asiye na cheti hata kimoja,
husema maji, polepole,
kama mwanafunzi anayeogopa fimbo.
Hilo nimeliandika kwa penseli.

Na jana.
Jana alikuwa akikimbia uani kwa ghala,
akajikwaa kwenye kamba ya magunia,
akaenda chini kwa magoti yote mawili.
Nilimwona. Nilikuwa dirishani.
Akainuka. Vumbi jekundu, damu kidogo,
machozi yamefika ukingoni.
Akanitazama,
akavuta pumzi kama mtu anayebeba ndoo,
akasema, kila silabi mahali pake:
"Sijaanguka."

Nimekaa na daftari tangu magharibi.
Si. Ja. Anguka.
Sijui niliandike nyuma
au mbele, penye mizani.